Taarifa za mitambo ya redio mtandaoni: daftari la mamlaka au orodha ya wasikilizaji?

Mtu anayetafuta habari za kituo cha redio mtandaoni hupata upesi jina la kituo, nembo yake, ratiba ya vipindi na kiungo cha kukisikiliza kwa simu. Akitaka kujua mnara umesimama wapi, antena iko mita ngapi kutoka ardhini, kilowati ngapi zinarushwa na zinaelekea upande gani, utafutaji huwa mgumu ghafla, kwa sababu tovuti za kusikilizia redio hazina haja na habari hizo, na vituo vyenyewe huzitaja pale tu zinapomvutia mwenye tangazo la biashara. Hata hivyo habari hizo zipo, nyingi zikiwa za bure, katika kanzidata zilizojengwa na watu wenye malengo tofauti kabisa. Fundi anayechunguza kwa nini redio ya jamii inaingiliwa kila jioni, mwanafunzi wa uhandisi anayechora ramani ya usikivu, na msikilizaji wa mbali anayetaka kutambua sauti aliyoinasa usiku wa manane, kila mmoja ana mahali pake pa kwenda.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kanzidata ipi iliyo bora, na kwa maoni yangu hilo si swali la kuanzia. Kwanza iulizwe kila moja iliundwa kwa ajili ya nini. Daftari la mamlaka inayotoa leseni linaeleza kilichoruhusiwa kwa karatasi. Orodha ya wasikilizaji inaeleza kilichosikika hewani. Mpango wa kimataifa unaeleza masafa ambayo nchi ilijitengea mbele ya majirani zake, hata kama mnara haujawahi kujengwa. Kwa mnara mmoja, maelezo hayo matatu yanaweza kutofautiana na yote yakawa kweli, na anayechagua bila kulijua hilo atadhani kanzidata mojawapo imekosea.

Daftari la Marekani

Kwa upana na uwazi, sijaona daftari la mamlaka linaloifikia kanzidata ya Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani, yaani FCC. Kila kituo chenye leseni ya AM, FM au televisheni kina kumbukumbu ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifungua bila kujisajili. Njia za kuingilia ni mbili. Ya kwanza ni LMS, mfumo wa leseni uliochukua nafasi ya ule wa zamani ulioitwa CDBS, na humo utakuta maombi na vibali vinavyohusu kituo. Ya pili, ambayo ndiyo ninayompendekezea mtu anayetaka data za kiufundi tu, ni kurasa za utafutaji ziitwazo AM Query, FM Query na TV Query. Katika kurasa hizo unatafuta kwa herufi za utambulisho wa kituo, kwa mji, kwa masafa, au kwa kutaja nukta ya latitudo na longitudo na kuomba vituo vyote vilivyo ndani ya kilomita kadhaa kutoka hapo. Majibu unaweza kuyapata kama ukurasa wa kusoma, au kama faili la maandishi yaliyotenganishwa kwa vistari vya wima, ambalo hufunguka bila taabu katika programu ya majedwali.

Kumbukumbu ya kituo cha FM katika daftari hilo ni tajiri. Inataja daraja la kituo, nguvu inayorushwa hewani kwa wimbi la kulala (linalotetemeka sambamba na ardhi) na kwa wimbi la kusimama (linalotetemeka wima), na urefu wa antena kwa vipimo vitatu: kutoka ardhini, kutoka usawa wa bahari, na juu ya wastani wa ardhi inayouzunguka mnara. Kipimo hicho cha tatu ndicho chenye maana kubwa kuliko vyote kwa usikivu, nacho hupatikana kwa kuchukua wastani wa mwinuko wa ardhi kati ya kilomita 3 na 16 kutoka mnarani katika pande mbalimbali. Kituo cha daraja A kinaruhusiwa hadi kilowati 6 kwa antena iliyo mita 100 juu ya wastani huo, ilhali kile cha daraja C hufika kilowati 100; na mwenye kituo anayepandisha antena yake kupita kiwango cha daraja lake hulazimika kupunguza nguvu ili eneo la usikivu libaki lilelile. Ndiyo maana kituo chenye kilowati 2 kilichoko mlimani kinaweza kusikika sawa na kile cha kilowati 6 kilichoko tambarare, na anayesoma safu ya kilowati peke yake hupotoka. Antena ikiwa ni ya kuelekeza upande mmoja, daftari linatoa pia jedwali la nguvu kwa kila digrii 10 za duara.

Kwa mawimbi ya kati mambo ni mazito zaidi. Vituo vingi vya AM vya Marekani hubadili nguvu au mpangilio wa antena jua linapozama, kwa kuwa tabaka la chini la ionosfera, sehemu ya juu ya angahewa yenye chaji ya umeme, linaloyameza mawimbi hayo mchana hutoweka usiku, na mawimbi yakapata njia ya kusafiri mamia ya kilomita na kuingilia vituo vingine. Daftari linaandika hali ya mchana na hali ya usiku katika mistari tofauti, kwa hiyo kituo kimoja hutokea mara mbili, wakati mwingine mara tatu, na mgeni hudhani kuwa ni vituo mbalimbali katika masafa yaleyale. KDKA ya Pittsburgh inayorusha kilowati 50 katika 1020 kHz mchana na usiku ni mfano mwepesi wa kujifunzia. Baada ya hapo ndipo mtu afungue kumbukumbu ya kituo chenye milingoti minne au sita, ambamo ataona umbali kati ya milingoti, fasi ya umeme katika kila mlingoti na mwelekeo wa safu yake.

Daftari hili lina mitego mitatu inayostahili kukaririwa. Wa kwanza ni kwamba kibali cha ujenzi huonekana sambamba na leseni, na kibali si mnara. Kituo kinaweza kuwa na kibali cha kilowati 50 huku kikiendelea kurusha kilowati 10 za leseni yake ya zamani. Wa pili ni herufi za utambulisho, ambazo huuzwa, hubadilishwa na kuhamishiwa kituo kingine, ilhali namba ya kituo ambayo FCC hukipa mara moja haibadiliki. Anayetengeneza jedwali lake la kudumu ashike namba hiyo, kwa sababu jedwali lililojengwa juu ya herufi huanza kuoza mapema. Wa tatu ni msingi wa vipimo vya ramani, yaani mfumo wa kuhesabia latitudo na longitudo: CDBS ilitumia msingi wa mwaka 1927 na LMS inatumia ule wa mwaka 1983, na tofauti kati ya misingi hiyo miwili katika bara la Marekani ni makumi ya mita, ikikaribia mita 100 upande wa magharibi. Kwa ramani ya usikivu hilo halina athari, lakini kwa anayetaka kuuona mnara wenyewe kwenye picha ya setilaiti, linatosha kumweka upande mwingine wa barabara.

Kwa kuwa data za FCC ziko huru kwa umma, tovuti nyingine zimejengwa juu yake, na kwa kazi nyingi ni rahisi kuzitumia kuliko chanzo. Radio-Locator, iliyoanzia katika chuo cha MIT kama orodha ya redio zilizokuwa kwenye intaneti, inachora ramani yenye mistari mitatu ya usikivu, wa karibu, wa mbali na wa pembezoni, kwa vituo vya Marekani na Kanada. Inamfaa mtu asiyehitaji hesabu. Fccdata.org inakusanya kumbukumbu za FCC katika sura inayosomeka vizuri zaidi na kuziunganisha na data za nchi jirani. Faida ya tovuti za aina hii ni wepesi. Hasara yake ni kwamba hutajua daima data zake zilichukuliwa lini, na kwa jambo la kisheria au la fedha mtu arudi kwenye daftari lenyewe.

Uingereza na Ufaransa

Ofcom ya Uingereza haina ukurasa wa utafutaji wenye uwezo kama wa FCC, lakini hutoa majedwali ya vipimo vya mitambo ya utangazaji, moja kwa FM, jingine kwa mawimbi ya kati, jingine kwa redio ya dijitali ya DAB, na kwa mtu anayejua kutumia majedwali hilo ni jambo jema kuliko ukurasa wowote wa utafutaji. Unapakua mara moja, unapanga kwa masafa au kwa mnara, na picha ya nchi nzima iko mbele yako. Humo mna kitu ambacho daftari la FCC halikitilii mkazo, nacho ni namba za RDS ambazo redio ya gari huzinasa pamoja na sauti. Kwa msikilizaji wa mbali namba hiyo ni alama ya kidole ya kituo. Mahali pa mnara pameandikwa kwa gridi ya taifa ya Uingereza, herufi mbili zikifuatwa na tarakimu, na mgeni atahitaji kikokotoo cha kuzigeuza.

Ufaransa imechukua njia nyingine. Cartoradio, ramani ya wakala wa masafa ANFR, inaonyesha mahali pa antena zenye nguvu inayozidi wati 5, zikiwamo za simu, pamoja na matokeo ya vipimo vya mnururisho vilivyofanywa karibu nazo. Iliundwa kwa ajili ya mwananchi anayetaka kujua kilichosimama juu ya paa la jirani yake. Kwa swali la "mnara huu una nini" inajibu vizuri. Kwa swali la "kituo hiki kinarusha kiasi gani" si mahali pa kwanza pa kwenda.

FMLIST, MWLIST na FMSCAN

Upande wa pili wa mizani wako wasikilizaji. FMLIST ni kanzidata ya dunia nzima ya FM, DAB na televisheni, MWLIST ni ya mawimbi marefu, ya kati na mafupi, na FMSCAN inatumia data hizohizo kukokotoa vituo unavyotarajiwa kuvipata mahali ulipo. Zote zimejengwa na watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa wasikilizaji wa mbali, yaani watu ambao raha yao ni kunasa kituo kutoka kilomita nyingi kuliko kilivyokusudiwa kusikika na kukitambua bila shaka. Raha hiyo ndiyo iliyoifanya kanzidata yao kuwa ya uangalifu. Asiyejua mnara ulipo hawezi kujua alikuwa umbali gani nao, na asiyejua nguvu ya mtambo hawezi kusema kama alichokisikia kinawezekana.

Ukiilinganisha FMLIST na daftari la mamlaka, tofauti ya kwanza utakayoiona ni mpaka. Daftari huishia mpakani. FMLIST haina mpaka. Mtu wa Mombasa, Pemba au Tanga anaishi mahali ambapo wimbi la FM husafiri mbali juu ya maji na nchi mbili ziko ndani ya kipande kimoja cha bahari, kwa hiyo daftari la nchi moja halitamtosha hata kama lingekuwa kamili. Kwa mtu kama huyo FMSCAN ni chombo cha ajabu: anataja mahali alipo, na anapewa orodha ya vituo kwa masafa, kila kimoja kikiwa na umbali, upande wa dira na nguvu ya wimbi inayokadiriwa kufika. Akiuchukua ukurasa huo na kuulinganisha na anachosikia kwenye redio yake, baada ya jioni mbili tatu atakuwa ameijua anga ya mji wake kuliko wengi wanaolipwa kuijua.

Tofauti ya pili ni ubora usio sawa. Nchi za Ulaya, ambako wasikilizaji hao ni wengi, zimeandikwa kwa undani wa kupendeza, na marekebisho huingia punde tu baada ya mtambo kubadilishwa, wakati mwingine kabla ya mamlaka kuandika. Kwa sehemu kubwa ya Afrika data ni chache na za zamani. Utakuta kituo kimeandikwa jina lake la awali, au kilowati zimewekwa kwa makadirio. Tofauti ya tatu ni haki. Data za FCC mtu anaweza kuzichukua zote na kujengea chochote. Za FMLIST ni jasho la watu, na anayetaka kuzitumia kwa wingi asome masharti yake kwanza na aombe.

Mawimbi mafupi: HFCC na EiBi

Mawimbi mafupi yana utaratibu wake, kwa sababu masafa hubadilishwa mara mbili kwa mwaka kufuata majira ya jua. Msimu A huanza Jumapili ya mwisho ya Machi na msimu B Jumapili ya mwisho ya Oktoba. HFCC, mkutano wa uratibu ambao mashirika ya utangazaji hukutana kugawana masafa, hutoa majedwali ya kila msimu yaliyo wazi kwa umma: masafa, saa ya kuanza na kumaliza, kanda inayolengwa, mahali pa mtambo, kilowati, mwelekeo wa antena kwa digrii na aina ya antena. EiBi ni orodha ya wasikilizaji ya mawimbi hayohayo, nyepesi kupakua na kusoma, yenye lugha ya kila kipindi, ambapo Kiswahili kimepewa alama SWA.

Chaguo hapa ni rahisi kuliko kwingine. Ukitaka kujua nani anatangaza kwa Kiswahili sasa hivi na katika masafa gani, fungua EiBi. Haina kilowati wala aina ya antena, na kwa swali hilo huvihitaji. Ukitaka kujua kwa nini kipindi hicho kinasikika vizuri Kigoma na vibaya Lamu, fungua HFCC uone digrii za antena na nguvu ya mtambo. Lakini kumbuka kwamba HFCC ni jedwali la maombi: shirika linaweza kuomba masafa matatu kwa tahadhari na kutumia moja, na yale mawili yakabaki jedwalini msimu mzima bila sauti. Kinyume chake, kituo ambacho hakikupitia uratibu huo hakitaonekana humo ingawa kinasikika. Mtu anayefuatilia matangazo ya Zanzibar kutoka Dole katika 11735 kHz, ambayo wasikilizaji wa mbali wameyafuata kwa miaka, atategemea zaidi taarifa za wasikilizaji wenzake kuliko jedwali lolote la mipango.

Saa zote katika orodha hizi ni za UTC, nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kipindi kilichoandikwa 1530 huanza saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa yetu. Nimeona watu waliokata tamaa na redio nzima kwa kosa hili moja.

Kilowati zisizofanana

Kabla ya kuweka safu za kanzidata mbili pamoja, hakikisha zinapima kitu kimoja. Kwa FM, FCC na Ofcom huandika nguvu inayorushwa hewani baada ya kuhesabu faida ya antena na upotevu wa kebo, ikilinganishwa na antena ya kawaida ya dipoli. Nyaraka nyingine hulinganisha na antena ya kinadharia inayorusha sawa pande zote, na hapo kilowati 1 ya kipimo cha kwanza huwa kilowati 1.64 za kipimo cha pili bila mtambo kubadilika hata kidogo. HFCC huandika nguvu ya mtambo wenyewe kabla ya antena. Kwa mawimbi ya kati FCC nayo huandika nguvu inayoingia kwenye antena, ilhali Ofcom huandika nguvu inayorushwa ikilinganishwa na mlingoti mfupi wa kawaida. Ukimsikia mwenye kituo cha FM akijivunia "kilowati 5", muulize ni za mtambo au za hewani, kwa sababu mtambo wa kilowati 2 wenye antena nzuri unaweza kutoa hizo tano, na mtambo wa kilowati 5 wenye kebo iliyochakaa unaweza usizifikishe.

Afrika Mashariki: ITU na mamlaka zetu

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ndio unaotunza daftari kuu la masafa la dunia na mipango ya kikanda. Kwa FM mpango unaotuhusu ni ule wa Geneva wa mwaka 1984, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 1987, unaohusu masafa ya 87.5 hadi 108 MHz kwa Ulaya, Afrika na nchi za jirani. Mpango huo unapanga masafa kwa hatua ya 0.1 MHz, ndiyo maana Capital FM ya Nairobi inaweza kukaa 98.4, namba ambayo haipo kabisa Marekani ambako hatua ni 0.2 na kila kituo cha FM huishia kwa tarakimu ya witiri. Kwa mawimbi ya kati tuna mpango wa mwaka 1975, wenye hatua ya 9 kHz badala ya 10 ya Marekani. Tofauti hizi ni ukaguzi wa haraka unaofaa: ukiona orodha inayodai kuna kituo cha Tanzania katika 1020 kHz, jua mwandishi wake amekosea, kwani 1020 haigawanyiki kwa 9.

Kumbukumbu ya ITU ya kituo kimoja ina kila kitu ambacho mhandisi angekitaka, pamoja na upungufu wa nguvu ya antena kwa kila digrii 10. Taarifa mpya hutolewa kwa waraka wa kila wiki mbili uitwao BR IFIC, na sehemu ya huduma zake huhitaji akaunti au malipo, jambo linaloiweka mbali na mtu wa kawaida. Kasoro yake kubwa si gharama. Ni kwamba humo mna masafa yaliyowekwa akiba na serikali miaka ya themanini kwa minara ambayo haikujengwa, na hamna vituo vingi vya binafsi vilivyoanza baadaye bila nchi kutuma taarifa zake Geneva. Anayeuliza "ni masafa gani nchi yetu ina haki nayo" hana mahali pengine pa kwenda. Anayeuliza "nini kiko hewani Mbeya leo" atapotezwa.

Mamlaka zetu wenyewe, TCRA ya Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, zimetoa kwa nyakati mbalimbali orodha za wenye leseni za utangazaji, kwa kawaida kama faili la PDF. Orodha nilizozifungua mimi hutaja jina la mwenye leseni au kituo, na zilizo bora huongeza masafa na mji au wilaya. Urefu wa mnara, nguvu inayorushwa na mwelekeo wa antena sikuvikuta. Jina la mji nalo halitoshi, kwa sababu mitambo hupandishwa milimani: Limuru kwa redio za Nairobi, Kololo kwa Kampala, Jali kwa Kigali. Anayekokotoa usikivu wa redio ya Nairobi akiweka mnara katikati ya jiji amekosea kwa kilomita 30 hivi na kwa mamia ya mita za mwinuko. Naamini kwa dhati kuwa data hizi zingewekwa wazi kama za Ofcom, redio za jamii za wilayani ndizo zingenufaika kwanza, maana ndizo zisizo na fedha za kumlipa mshauri wa masafa.

Mpaka hapo zitakapowekwa wazi, kwa FM ya Afrika Mashariki ninashauri mtu aanze na FMSCAN ili apate picha ya jumla, aihakiki kwa orodha ya mamlaka ili ajue kipi kina leseni, kisha aende ITU kwa kile tu kinachobaki na utata, hasa kituo cha ng'ambo ya mpaka. Akifanya kinyume, kwa kuanza na ITU, atatumia wiki nzima kuchuja vituo visivyokuwepo.

Na apime mahali mwenyewe. Niliwahi kusaidia kituo kidogo cha jamii mkoani Tanga kilichotaka kujua umbali wa mnara wa jirani ambao kilishuku kuwa unakiingilia. Kumbukumbu ya zamani tuliyoipata ilikuwa imeandika latitudo na longitudo kwa digrii na dakika tu, na dakika moja ya latitudo ni karibu kilomita 1.85. Juu ya hilo, ramani iliyotumika zamani zile ilikuwa ya msingi wa Arc 1960, ambao katika nchi zetu hutofautiana na GPS ya leo kwa takriban mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Namba hizo zilituangusha katikati ya shamba la mkonge, zaidi ya kilomita moja kutoka mnara ulipo, na kwa umbali huo wa uongo hesabu zetu za mwingiliano zilikuwa zinamtia hatiani asiyehusika. Tulikwenda kwa miguu hadi chini ya mnara, tukachukua vipimo kwa simu, tukahesabu ghorofa za antena na kuangalia zimeelekea wapi, kisha mmoja wetu akavituma vyote FMLIST. Anayeutafuta mnara huo sasa anaupata kwa digrii zenye tarakimu nne za desimali, mahali pake penyewe, kando ya tangi la maji.